Sufuri za Mama Ernestine

Kitu cha kwanza kilichomchefua Ernestine Kabemba katika shirika lile la misaada kilikuwa maji ya chupa. Watu arobaini walikuwa wameketi katika ukumbi wa hoteli moja ya Kolwezi wakijadili wenzao wanaokufa kwa kunywa maji machafu, na mbele ya kila mmoja zilisimama chupa mbili. Saa sita wakatoka kwenda kula. Chupa zilibaki mezani, nyingi zimenywewa mafunda mawili tu, na mhudumu akapita na mfuko mweusi akazikumba zote. Ernestine alikuwa ameshazitia zake kwenye mkoba, pamoja na nne za majirani. Mama mmoja wa ofisi za mkoa alimwangalia kwa jicho la kumcheka. Ernestine naye akamwangalia, bila kupepesa, mpaka yule akageuza shingo.

Tangu siku hiyo alikaa katika semina nyingi, akazoea mengi. Hakuwahi kuzoea mfuko mweusi.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane, na kazi yake ilikuwa kutunza stoo. Alizaliwa Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba ya matofali ya kampuni ya madini, baba yake akiwa seremala aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga kutafuta mshahara. Alisoma shule ya kampuni, akatibiwa hospitali ya kampuni, na alipofika miaka ishirini akaingia kuwa karani katika stoo ya vipuri ya kampuni hiyo hiyo. Alikaa humo miaka kumi na saba, mpaka siku kampuni ilipoachisha watu maelfu kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo aliuza makaa na samaki wakavu mbele ya nyumba, akasomesha binti, akazika mume. Wenzake wa rika moja walikuwa wameshaanza kupumzika pale shirika lilipomtafuta. Walikuwa na bohari kubwa nyuma ya Dilala na hakuna hata mmoja wao aliyejua kilichomo ndani.

Baada ya wiki tatu alikijua. Biskuti za watoto zilizoingia funza, zimefunikwa turubai jipya ili mkaguzi asizione. Blanketi zilizokojolewa na paka. Vyandarua vilivyoliwa na panya juu ya rundo, na chini ya rundo vizima, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuinua. Alichoma alichochoma, akapanga kilichobaki, akaandika kila kitu. Alipomaliza alioga mara mbili, na bado harufu ile ilimfuata hadi kwenye chakula.

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Ntambwe, Mkasai mwembamba mwenye penseli nyekundu, mkuu wa stoo ya vipuri enzi za kampuni. Ntambwe alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: kisanduku kilichobaki wazi kwenye fomu ni mlango uliobaki wazi. Mwizi ataingia hapo na kalamu yake, ataandika namba anayoitaka, na wewe ndiwe utakayefungwa. Kwa hiyo pasipo na kitu huandikwa sufuri. Fomu yenye kisanduku kitupu aliirusha sakafuni, na karani akainama kuiokota mbele ya wenzake. Ernestine aliinama mara moja tu maishani mwake. Wote waliopita kwenye stoo zile wana ugonjwa huo hadi leo. Hata orodha ya michango ya harusi, asiyetoa kitu wanamwandikia sufuri.

Basi karani wa takwimu wa shirika alipohamia mgodini, Ernestine alipewa na kazi yake pia. Kila mwezi vituo kumi na vinne vya afya vilituma karatasi: wagonjwa wangapi wa kipindupindu, wangapi wamekufa. Karatasi zilikuja mfukoni mwa madereva wa taxi-moto, zile pikipiki za abiria, zimelowa, zinanuka petroli. Yeye alizinakili kwenye kompyuta. Karatasi ambayo haikufika mpaka tarehe kumi, aliiandikia sufuri, akafunga mwezi. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, wala aliyemkataza. Na jedwali lilipendeza.

Mwezi wa Septemba akaja Hénock, mhandisi wa miaka ishirini na tisa kutoka Lubumbashi, na kompyuta yake mgongoni. Ernestine alijiandaa kumchukia na hakuweza, kwa sababu kijana huyu, tofauti na wengine, aliingia stoo na kuuliza mambo.

Alimweleza kazi yake hivi. Kipindupindu kitakuja na mvua, hilo linajulikana. Kitazuka wapi, halijulikani. Karatoni za dawa ni mia nne: maji ya kutundika, pakiti za chumvi na sukari, klorini ya kutilia ndoo. Lori ni moja. Barabara zikishakatika hakuna kitakachosogea, isipokuwa kwenye reli, mpaka mwisho wa Februari. Kwa hiyo lazima uamue leo uweke nini wapi, nawe hujui. Hénock aliitungia mashine mvua mia mbili za kubuni, kila moja na balaa lake: katika hii ugonjwa unalipuka mashariki, katika ile magharibi, katika nyingine pande zote mbili na daraja limekwenda na maji. Kila mvua ilipewa uzito wake kutokana na yaliyotokea miaka ya nyuma. Kisha mashine ikatafuta mgawanyo mmoja wa karatoni ambao, ukizijumlisha mvua zote mia mbili, ungeacha watu wachache zaidi bila dawa. Haukuwa mgawanyo bora kwa mvua yoyote moja. Ulikuwa ule utakaojutiwa kidogo kuliko mingine.

Ernestine alielewa kabla hajamaliza. Enzi za kampuni hawakujua pampu ipi itakufa usiku wa leo, na kipuri kilikuwa kimoja. Ukakiweka karibu na pampu ambayo kifo chake kingezamisha shimo zima, hata kama ilikuwa nzima kuliko zote. Ntambwe aliipiga hesabu hiyo kichwani, na penseli yake sikioni.

"Basi Tata Ntambwe alikuwa mashine," Hénock akasema.

"Apana. Mashine haitukane bantu."

Hénock alimsifu pia, na alimsifu mbele ya Marlène, mkuu wa ofisi. Alisema kokote alikopita alipewa majedwali yenye mapengo kama kinywa cha mzee, na hapa ana miaka mitatu, vituo kumi na vinne, na hakuna kisanduku kimoja kilicho wazi. Hajawahi kuona takwimu safi namna ile. Siku hiyo Ernestine alirudi nyumbani kwa miguu, mgongo umenyooka kama wa msichana.

Katikati ya Novemba mpango ulitiwa sahihi na kubandikwa mlangoni mwa bohari. Stoo ya mjini, mia na hamsini. Stoo ya mashariki, upande wa Fungurume, mia na sabini. Stoo ya magharibi, kwenye reli, themanini. Kisangwe, sufuri.

Kisangwe ni kambi ya wavuvi kando ya ziwa la Nzilo, pale mto Lualaba ulipozuiwa ili utoe umeme. Watu elfu tatu wanakaa kwenye vibanda vya nyasi na turubai chini ya nyaya hizo hizo za umeme, na hakuna hata balbu moja. Maji ya kunywa, ya kuoshea samaki na ya kwendea haja ni yale yale, hatua kumi kutoka hapa hadi pale.

Jumanne moja asubuhi muuguzi wa Kisangwe alifika bohari kwa taxi-moto, suruali imeganda tope hadi magotini. Aliitwa Polycarpe, mtu mzima mwenye sauti ya chini, na alikuja kuchukua glavu na kuomba karatoni arobaini kabla ya mvua kubwa. Akausoma mlango.

"Mama Ernestine, iyi zero ni ya shi, bantu ba Kisangwe?"

Ernestine alimwambia ni mashine iliyochagua. Inafuata mambo ya miaka mitatu. Polycarpe akauliza mambo gani. Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, kwa fahari kidogo, mistari ya Kisangwe: Desemba sufuri, Januari sufuri, Februari sufuri, Machi sufuri, na mwaka uliofuata vivyo hivyo.

Muuguzi aliifuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja. Hakukasirika, na Ernestine baadaye alitamani sana kwamba angekasirika. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa madaftari matatu ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani yake yalikuwa majina, ukurasa baada ya ukurasa: umri, siku aliyoletwa, siku aliyotoka. Wengine mahali pa siku ya kutoka walikuwa na msalaba.

"Musimu ya kwanza, tisa," akasema. "Ya pili, sita. Ile yenye ilipita, kumi na sita."

"Na rapo, karatasi ya kila mwezi?"

"Rapo itapita wapi? Mvua ikianza, njia inakatika, moto haipite. Mi nilifikiri mutaona karatasi ya shi haiko, mutajua kule kuko shida. Mutu akinyamaza, si unaenda kumuangalia?" Akarudi kwenye kioo. "Nani aliandika iyi zero?"

"Ni mi," Ernestine akasema.

Alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wa bohari. Sasa aliliona jambo lote, na lilikuwa limenyooka vibaya mno. Miezi ya watu kufa ndiyo miezi ya barabara kukatika. Barabara ikikatika karatasi haiji. Karatasi isipokuja anaandika sufuri. Akiandika sufuri mashine inasoma amani, na dawa inapelekwa mbali zaidi. Misimu mitatu alikuwa amewafungia watu elfu tatu mlango, kwa mwandiko mzuri, na akasifiwa.

Alasiri ile ile alikwenda kwa Hénock na madaftari. Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwa siku mbili walifukua majalada: palipokuwa na sufuri kwenye kompyuta na karatasi haimo jaladani, hiyo ilikuwa sufuri ya Ernestine. Walizipata sabini na tatu, za vituo kumi na viwili. Hamsini na nane zilikuwa za miezi ya mvua. Za Kisangwe zilikuwa kumi na moja.

"Kase wazi si zero, Mama," Hénock akasema, akigusa kisanduku kimoja kwenye kioo. "Zero ni kusema: nilienda, niliangalia, hakuna kitu. Wazi ni kusema: sijue. Na iyi mashine, kazi yake yote ni ile sijue. Ukiipatia sijue, inatengeneza mvua mingi zaidi, inajikinga. Lakini ukiidanganya, itafanya nini?"

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa deni, kwamba kosa ni lake pia. Takwimu safi namna ile hazipo popote duniani. Alipaswa kushtuka, na badala yake alifurahi.

Alizifuta katika nakala yake mwenyewe, akaingiza madaftari ya Polycarpe, akaiendesha mashine upya. Kisangwe ikapata karatoni tisini. Akafafanua bila kuficha: kwa sitini, katika nusu ya mvua zake kambi ingeishiwa kabla barabara haijafunguka, kwa tisini, ingeishiwa katika mvua moja kwa kila kumi. Na tisini hizo hazitoki mbinguni. Zitatolewa mjini na magharibi, na katika baadhi ya mvua zile mia mbili, magharibi ndio watakaolia.

Walipeleka mpango mpya kwa Marlène. Marlène hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameendesha kambi za wakimbizi Kalemie, na alama ya risasi ilikuwa kwenye mlango wa gari lake la zamani. Aliyafungua madaftari kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefunua kitambaa cha kidonda, akasema hayana muhuri. Akasema mpango umeshatiwa sahihi na Alhamisi ijayo unaonyeshwa kwa wafadhili kule hotelini, na Hénock ndiye atakayeusoma. Wakiambiwa takwimu za miaka mitatu zina uongo, hawatauliza habari za Kisangwe. Watauliza habari za kila kitu, na mwakani hakutakuwa na karatoni za kugawa, si tisini wala moja. Utaratibu unaruhusu marekebisho mwezi wa Januari. Hénock akasema Januari njia itakuwa imekatika. Basi Februari, akasema Marlène.

Kilichomtia Ernestine kichefuchefu ni kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Ameshaona mashirika yakifunga milango kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Uongo mtupu angeutema; huu ulikuwa kama unga uliochanganywa na pumba, huwezi kuula na huwezi kuumwaga. Akamgeukia Hénock. Hénock alikuwa ameshaanza kuikunja karatasi ya mpango mpya.

Ijumaa alimtafuta Mujinga.

Mujinga alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mjukuu wa Wakasai walioletwa kuchimba shaba, na kila Jumamosi lori lake lilikwenda ziwani tupu na kurudi limejaa. Alipoambiwa shida yenyewe alikaa juu ya kreti, akakunja mikono.

"Mama Ernestine wa stoo. We ulinikatalia turubai moja ya matanga, mamamkwe wangu amelala kwa mvua, juu bon haikukuwa na signature tatu. Leo unaomba nikubebee kartoni tisini bila shefu kujua?"

"Bon iko," Ernestine akasema.

Na hiyo bon, hati ya kutolea mali, ilikuwapo kweli. Alikuwa ameiandika asubuhi hiyo, kwa sababu mkono wake haukujua kutoa kitu stooni bila karatasi. Tarehe. Karatoni tisini. Kwendako: Kisangwe. Sababu: makosa ya takwimu, ya mkono wangu. Aliyeidhinisha: E. Kabemba. Aliyetoa: E. Kabemba. Mujinga aliisoma mara mbili, kisha akacheka mpaka akashikilia bodi la lori.

"Mwizi wa kuandika jina yake ku bon, mi siyamuonaka. Panda mbele, Mama. Bakitufunga, bitakuwa rahisi, batakuta kila kitu mumeshaandika."

Jumamosi alfajiri walipakia karatoni, wakapita kando ya Kingamyambo, ambako mabaki ya madini ya miaka sabini yanachotwa upya na kukamuliwa shaba na kobalti, vumbi la rangi ya majivu likitua juu ya mihogo ya watu. Chini ya daraja wanawake waliosimama majini hadi mapajani walikuwa wanaosha mawe ya madini, na hatua chache mbele yao mwingine alikuwa anajaza ndoo ya kupikia. Mujinga alipiga honi kuwasalimu. Ernestine alitazama upande mwingine, akaona aibu, akarudisha macho.

Polycarpe alipokea karatoni moja moja, akatia sahihi. Lori likageuka na samaki. Jumatatu asubuhi Ernestine aliingia mwenyewe kwa Marlène, akaweka nakala ya bon mezani. Jumatano mvua ilikata mteremko wa udongo mweusi, njia ya ziwani ikafungwa, na kwenye nyumba ya matofali ya Dilala ikaletwa barua ya kumsimamisha kazi.

Alikaa nyumbani akisubiri janga. Hapo ndipo alipojichukia kuliko wakati wowote. Kipindupindu kisipotoka Kisangwe, atakuwa mwizi aliyezifungia karatoni tisini mahali pasipo na mgonjwa. Kikitoka, atakuwa na haki. Alijikuta asubuhi akiangalia simu kama mtu anayengojea habari njema, na alipojua anachongojea, aliigeuza simu kifudifudi.

Habari ilifika tarehe kumi na moja Desemba. Polycarpe alipanda kilima kilichopata mtandao mwaka ule tu, akatuma namba: wagonjwa saba. Baada ya hapo alipanda kila Jumapili. Thelathini na nne. Themanini. Mia na arobaini. Barabara ilipofunguka mwishoni mwa Februari, Kisangwe ilikuwa imeuguza watu mia mbili na kumi na wawili, imezika wanne, na stooni zimebaki karatoni saba.

Magharibi ugonjwa ulizuka mwishoni mwa Januari. Stoo ya kule ilikuwa imepelekewa karatoni hamsini mahali pa themanini, maana bohari ilikuwa pungufu. Ilikaa tupu siku tatu mpaka treni ilipoleta mzigo kutoka mjini. Katika siku hizo tatu walikufa mzee mmoja na mtoto wa kike wa miaka minane. Hénock angeweza kunyamaza. Alikuja hadi Dilala, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akamwambia yote.

Ernestine aliuliza: kama angepeleka themanini tu, je?

Hénock alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, ilionekana usoni. Kwa themanini Kisangwe wangeishiwa wiki ya mwisho. Karatoni kumi hizo zingewapa magharibi siku moja zaidi, pengine mbili. Nani angepona na nani asingepona, hakuna mashine itakayosema.

"Muliisoma ile mpango kule hoteli?" akamwuliza.

"Niliisoma."

"Ile ya zamani."

"Ile ya zamani, Mama."

Ernestine hakumtukana. Alimtengea chai, kwa sababu ni mgeni, na hakuitia sukari.

Wiki ya kwanza ya Machi Marlène alikuja mwenyewe, Hénock nyuma yake. Alimpa pole ya miezi iliyopita, akasifu nyumba, kisha akasema kilichomleta. Wafadhili wameona namba za Kisangwe na wamefurahi mno. Vifo vinne, kambi ya hatari kama ile, njia imekatika. Wanataka kuandika kwamba mfumo uliuona mlipuko kabla haujatokea. Barua ya kumsimamisha itachanwa. Kinachohitajika ni bon moja mpya, yenye tarehe ya mpango, sahihi ya Marlène kwenye kuidhinisha, na mahali pa sababu iandikwe: kwa mujibu wa mpango. Ernestine atasaini kama mtoaji tu. Na kutakuwa na picha, yeye na bango, mbele ya bohari.

Ernestine akauliza kuhusu wale wawili wa magharibi.

"Bale biko ku page ingine," Marlène akasema, na kwa heshima ya ubinadamu wake, aliinamisha macho aliposema.

Ernestine aliona kitakachofuata kama anavyoona rafu iliyopangwa: mpango umetajwa kuwa sahihi, mpango hauna sababu ya kurekebishwa, na jedwali la miaka mitatu linabaki lilivyo, na sufuri zake sabini na tatu ndani. Msimu ujao mashine itakula chakula kile kile. Kisangwe wamepata bahati ya kuwa na mwizi. Vituo kumi na kimoja vingine havina hata huyo.

"Zero zitoke," akasema. "Zote. Mbele ya mi kusaini."

Marlène akasema takwimu za miaka iliyopita zimeshafungwa.

"Fungua."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Marlène akapata neno la kuufunika mchezo: zitatolewa kimya kimya, wataandika ni usafi wa kawaida wa takwimu. Usafi. Ernestine alilirudia neno hilo moyoni, na lilinuka kuliko biskuti za funza.

Asubuhi yake, ofisini, Marlène alichana bon ya zamani mara nne, kisha mara nane. Bon mpya ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Ernestine hakuigusa. Alivuta kiti kando ya Hénock, akafungua jalada lake magotini.

"Mama, mi nataka kukuambia—"

"Usiniambie kitu. Futa. Kisangwe, Desemba ya kwanza."

Akafuta. Kisanduku kikabaki cheupe. Akamsomea kinachofuata, na kinachofuata, kituo baada ya kituo, mwezi baada ya mwezi, bila haraka, na kila mara alisubiri aone weupe kabla ya kuendelea. Marlène aliketi, akasimama, akaenda kupiga simu, akarudi. Walipofika sabini na tatu ilikuwa karibu saa tano.

Ndipo alipochukua kalamu na kutia sahihi yake chini ya tarehe ya uongo, mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi. Sahihi ilitoka nzuri, herufi zimelala upande mmoja kama Ntambwe alivyotaka, na kuiona ilivyo nzuri kulimfanya asukume karatasi mbali kwa mgongo wa mkono.

Marlène aliipepea wino ukauke, akamkumbusha mpiga picha anakuja saa nane mchana na kwamba avae fulana ya shirika.

Ernestine akasema saa nane hatakuwepo. Anakwenda kwenye vituo, kuanzia kile cha karibu, kuwauliza wauguzi kama na wao wana madaftari. Marlène akauliza safari hiyo iko kwenye mpango gani. Ernestine alikuwa ameshafika mlangoni.

Barabarani alisimamisha taxi-moto ya kwanza iliyopita, akataja jina la kituo. Dereva akamwangalia, akaangalia viatu vyake, akasema kule njia ingali mbaya. Ernestine akamjibu kwamba anajua, akajipakia nyuma.